Kuvua kwa rodi Mtwara: kabla hujalipia boti, jua upepo na jua nahodha wako

Watu wananiuliza sana mwezi gani waje Mtwara kuvua kwa rodi, na kila nikijibu kwa meseji naona nimeacha nusu ya mambo, kwa hiyo leo nimekaa niandike yote kwa pamoja. Mimi ni mwalimu, mtu wa Singida, bahari nimeijua ukubwani. Nilihamishiwa Mtwara katikati ya 2023 na tangu hapo kuvua ndio starehe yangu kubwa, hela nyingi ya ziada imeishia majini, na yapo mambo ambayo mtu anayekuja huku anatakiwa ayajue kabla hajatuma hata shilingi ya kianzio.

La kwanza, usipange kwa kalenda peke yake. Panga kwa upepo, halafu kwa mwezi wa angani, halafu kwa nahodha. Na huyo wa tatu nitamzungumzia kwa kirefu maana hapo ndipo usalama wa watu ulipo.

Mimi nilifika kusi, ule upepo wa kusini, imeshika. Kusi inaanza kuvuma kama mwishoni mwa Aprili au Mei na inakwenda mpaka Septemba, ila Juni, Julai na Agosti ndio yenyewe hasa, hewa ina ubaridi, anga safi, mvua hakuna, ukisimama Shangani ufukweni unaona bahari ya bluu imejaa povu jeupe mpaka macho yanapoishia. Mgeni anaona jua linawaka anajua ndio msimu. Wengi wanakuja Julai kwa sababu ya likizo na kwa sababu wamesoma mahali kwamba Julai ni kiangazi, na kweli ni kiangazi, lakini mvua na bahari ni vitu viwili tofauti huku kwetu. Kusini hatuna vuli na masika kama Dar, tuna msimu mmoja mrefu wa mvua kuanzia kama Desemba hadi Aprili hivi, sasa ukichukua hesabu za Dar ukazileta Mtwara au Lindi utakosa pande zote mbili.

Halafu kuna mkondo. Ule mkondo mkubwa unaotoka mashariki kuvuka Bahari ya Hindi unafika kwenye pwani ya Afrika karibu kabisa na hapa kwetu, kwenye mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukishagonga pwani unagawanyika, tawi moja linashuka kusini na jingine linapanda kaskazini kupita Mtwara, Lindi, Kilwa, Mafia na kuendelea. Hilo la kupanda wakati wa kusi linasukumwa na upepo nyuma yake linakwenda kasi kweli. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba boti ikizimika injini mbele ya kijiji cha Msimbati haikai ilipo, inaondoka kuelekea kaskazini na kila dakika unaona minazi ya ufukweni inabadilika. Na bahari huku kina kinakuja haraka sana, hujaenda mbali na nchi tayari uko kwenye maji mazito, ndio raha ya kuvua Mtwara maana samaki wakubwa wako karibu, lakini nanga hapo haifiki chini.

Nayasema haya kwa sababu yalitukuta. Ilikuwa Agosti, mimi na wenzangu wawili kutoka Masasi tulikodi boti ya fiberi kwa mtu mmoja mjini, mwenye boti mwenyewe haendi baharini, anaweka nahodha kibarua. Tulilipa pesa yote kabla. Asubuhi tukamkuta nahodha, mzee wa makamo, anaangalia maji hasemi kitu, tukamsalimia akaitikia kwa upole akatuambia tupande. Mpaka tunatoka kwenye maji ya ndani kulikuwa sawa tu. Tulipofika nje ya mwamba mawimbi yakabadilika kabisa, yanakuja marefu kutoka kusini na juu yake kuna mengine madogo ya upepo, boti inapanda inadondoka, inapanda inadondoka, mwenzangu mmoja anatapika mpaka analia, maji yanaingia kwa mbele na kopo la kufulia maji, la kuyachota na kuyamwaga nje, ni moja tu. Mimi nilikuwa nimeshika rodi ambayo hata ndoano haikuwa imeguswa na maji. Kisha injini ikakata. Nahodha akaivuta, akaivuta, akaivuta, ikawaka baada ya muda ambao mpaka leo siwezi kusema ulikuwa mrefu kiasi gani, ila kijiji tulichokuwa tunakiona mbele yetu kilikuwa kimeshakuwa nyuma. Tulirudi polepole, hakuna aliyeongea. Niliogopa sana siku ile, wanangu wawili walikuwa bado wadogo na nilikuwa nawawaza wao tu.

Tulipofika ufukweni nikamuuliza nahodha, mzee, wewe uliiona hii bahari tangu asubuhi? Akanijibu taratibu tu, "Mwalimu, mimi niliisikia tangu usiku, inanguruma kwenye mwamba. Lakini nisipotoka silipwi, na mwenye boti anaita mtu mwingine."

Hayo maneno ndio yaliyonifanya niandike hii. Mzee ana miaka zaidi ya thelathini baharini, anajua, na mpangilio wa pesa unamziba mdomo. Mgeni anafikiri analipia boti na petroli na samaki, kumbe kitu cha thamani kuliko vyote anachokinunua ni akili ya nahodha, na ile akili inafanya kazi tu kama mwenye nayo ana uhuru wa kusema hapana bila watoto wake kulala njaa.

Kwa hiyo tangu pale nafanya hivi, na namshauri kila mtu afanye hivi: napatana na nahodha mwenyewe uso kwa uso, si na mwenye boti peke yake. Namwambia mbele ya mwenye boti, mzee, ukiangalia bahari alfajiri ukaona haifai, posho yako ya siku hiyo utaipata nusu na hakuna lawama, tukitoka unaipata nzima. Na tukiwa nje ukisema tugeuze, tunageuza saa hiyo hiyo hata kama samaki wanagonga. Wenye boti wengine hawapendi, mmoja aliniambia nitawaharibu mabaharia wake, huyo nikaachana naye. Nusu posho ya nahodha ni pesa ndogo sana ukilinganisha na petroli. Injini ya farasi 40 ukiifungua yote inakunywa lita 15 mpaka 20 kwa saa, piga hesabu mwenyewe na bei ya lita ya siku hiyo, siku moja ya kulazimisha bahari mbaya inakula pesa ya kumlipa nahodha akae nyumbani siku kibao.

Huyu nahodha wangu wa sasa ni wa upande wa Msangamkuu, nilipelekwa kwake na muuza samaki wa Feri, soko la samaki la hapa mjini, mama mmoja ambaye namwita shangazi. Na hii nayo ni njia nzuri, usitafute nahodha kwa madalali wa lodji, nenda sokoni asubuhi waulize kina mama wanaonunua samaki ni chombo cha nani kinarudi na samaki na kinarudi salama, wao wanajua maana biashara yao inategemea hapo. Ukishampata ongea naye kwa adabu, msalimie shikamoo kama ni mtu mzima kwako, uliza familia, usianze na bei. Watu wa huku wana heshima sana na wanaangalia mtu anavyoingia. Ijumaa pia usimpangie safari ya kutwa, wengi ni Waislamu na hawataki kuikosa swala ya Ijumaa wakiwa baharini, na Ramadhani usimbebeshe mtu aliyefunga kazi ya jua la mchana kutwa. Nilimuuliza akaniambia mwezi ule tutoke alfajiri sana turudi mapema, tukafanya hivyo ikawa vizuri.

Sasa msimu wenyewe. Septemba kusi inaanza kulegea, na ikifika Oktoba na Novemba unaingia wakati wa maleleji, upepo haujui uende wapi, kuna asubuhi maji yanalala kabisa, shwari, unaona mpaka kivuli cha boti chini. Kama una likizo moja tu kwa mwaka, ilete hapo. Maji yanaanza kupata joto, kutoka kama nyuzi 25 za Agosti kwenda juu, dagaa wanaonekana, ndege membe wanapiga mbizi, na ukiona membe wamekusanyika wanashuka shuka sehemu moja usiwaingilie katikati na boti, zunguka kwa pembeni, chini yake kuna jodari au vibua wanafukuzwa na mkubwa. Tunarambaza, yaani tunavuta chambo nyuma ya boti inayotembea, mwendo mdogo tu kama wa mtu anayekimbia mbio nyepesi, chambo bandia mbili nyuma, moja karibu moja mbali, na mbele ya ndoano lazima kuwe na kipande cha waya maana nguru ana meno ya kukata mshipi kama uzi wa cherehani. Nguru wengi tuliowapata ni wa kipindi hicho. Kolekole wakubwa wao wapo mwaka mzima kwenye miamba na kwenye milango ya maji, yale mapito kati ya miamba, ila ukimpata uwe umejiandaa, anakimbilia mwamba moja kwa moja na rili yako ikiwa ya bei rahisi itafia pale. Mimi rili mbili zimeshindwa, moja ikapasuka kabisa.

Tahadhari ya jua, wengi hawaiwazi. Mtwara jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena kama tarehe 20 na kitu Februari, yani maleleji mazuri yanaangukia humo humo. Kwenye boti isiyo na kivuli, na maji yanalirudisha jua usoni, hata sisi weusi tunaungua tunabanduka. Vaa mikono mirefu, kofia ya kufunga kidevuni, maji ya kunywa yasipungue lita tatu kwa mtu.

Kaskazi inaingia kama Desemba inakwenda mpaka Machi. Hapa ndio tunaona samaki kama sulisuli na fulusi nje huko, maji yamekuwa ya moto nyuzi 29 hivi au zaidi, na ni kipindi cha watu wenye boti kubwa hasa wale wanaokwenda Kilwa Masoko na Mafia. Kuna jambo la kaskazi ambalo nahodha wangu ndiye aliyenionyesha. Upepo unatoka kaskazini, mkondo bado unapanda kwenda kaskazini, vinakutana uso kwa uso, basi hata upepo ukiwa wa kawaida mawimbi yanakuwa mafupi yamesimama wima, yanagonga boti tumboni. Kwa hiyo usije ukasoma kwenye simu upepo mdogo ukajua bahari ni nzuri, uliza upepo unatoka wapi na mkondo unakwenda wapi. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri upepo wa barani bado unasukuma kidogo, bahari imelala, na saa sita mchana tuko ufukweni, maana kuanzia mchana upepo wa baharini unaongezeka.

Bamvua sasa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu tofauti ya kujaa na kupwa huku inapita mita tatu, maji mengi yanaingia na kutoka. Na kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakauka kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Ukilijua hilo unajipanga vizuri kabisa: alfajiri unatoka na maji yakiwa mengi yanaanza kushuka, yanakusaidia kutoka, lakini ukirudi saa tano sehemu kama Mikindani kandokando ya ghuba pamekauka, kina mama wanaokota chaza na kuchokoa pweza pale ulipopandia boti, na wewe utatembea kwenye tope umebeba samaki na injini. Panga mapema mahali pa kushukia. Bamvua inafaa kwa kolekole kwenye milango ambako maji yanakimbia, siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, zinafaa kwa mshipi wa chini, changu na chewa, chubwi, ile risasi ya mshipi, inakaa chini haiburutwi, na chambo ni ngisi au kibua mbichi. Usiku wa giza mabaharia wa dagaa wako kazini na taa zao, ukienda alfajiri karibu nao samaki wakubwa wapo wanazurura hapo hapo. Mbalamwezi ikiwaka wale wanapumzika, taa haivuti kitu, na ndipo unapopata mabaharia wazuri wenye nafasi.

Januari mpaka Aprili mvua zikikolea Mto Ruvuma unamwaga maji mekundu, unayaona mbali baharini yana mpaka kabisa na yale ya bluu, na magogo ndani yake, gogo moja linatosha kuvunja panga za injini. Humo ndani ya tope chambo bandia haionekani, vua kwenye ule mpaka, upande wa bluu.

Aprili na mwanzo wa Mei mimi sitoki kabisa mbali na nchi. Huku watu hawajasahau kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, watu wa Mtwara waliambiwa waondoke waende sehemu salama, kimbunga kikapiga Cabo Delgado ng'ambo yetu tu hapo. Na mimi mwenyewe nimekipitia kimbunga Hidaya cha Mei 2024, mamlaka ya hali ya hewa ilitoa tahadhari siku kadhaa kabla, Kilwa na Mafia waliumia, barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, nilikuwa na mgeni hapa amekuja kuvua akakwama huku anasubiri barabara, tiketi ya ndege nayo bei imepanda. Wavuvi wa mtaani kwetu walivuta vyombo juu mapema. Tahadhari za mamlaka zikisema upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya kupita mita 2, usianze kubishana eti hapa nje mbona kumetulia. Nahodha wangu ana simu ya kitochi, mimi namsomea taarifa jioni, yeye anasikiliza, anaangalia mawingu, tunaamua pamoja. Tunasaidiana hivyo, na mara nyingi ananishinda.

Vibali. Msimbati, Ruvula na ile ghuba yote mpaka mdomo wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kuna kiingilio na kuna sehemu hairuhusiwi kuvua, nenda ofisi ya hifadhi kabla ya safari ulize na ukate risiti, na leseni ya uvuvi wa michezo ulizia ofisi ya uvuvi ya wilaya ukiwa na siku za kazi mkononi, si Jumamosi mchana. Pita pia kwa uongozi wa kijiji na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za pwani cha pale. Watu wa huku waliteseka sana na uvuvi wa baruti, miamba ilipasuliwa, na wale waliosimama kuizuia walitukanwa na ndugu zao wenyewe, kwa hiyo ukija na boti na begi kubwa lisilojulikana wana haki ya kukuuliza. Wajibu vizuri. Mpakani usisogee, tangu vurugu za Cabo Delgado zilipoanza 2017 doria zipo, beba kitambulisho kwenye mfuko usioingia maji na mwambie nahodha abaki upande wetu hata kama jodari wanaruka ng'ambo.

Barafu nunua siku moja kabla, Feri asubuhi inagombewa. Jodari na kibua akikaa juani saa chache anajenga sumu ambayo kupika hakuiondoi, mtu anavimba uso anawasha mwili mzima, niliona kwa jirani yangu tukakimbia naye hospitali usiku. Samaki akiingia ndani ya boti atobolewe damu itoke, atolewe utumbo, aingie kwenye barafu hapo hapo. Na bunju, yule anayejaa upepo tumbo, mrudishe majini, usimpe mtu yeyote akale.

Majaketi ya kuelea nunua yako mwenyewe uje nayo, ya kutosha watu wote pamoja na mabaharia. Hii kwangu si ya kujadili. Nilikuta boti nyingi zina mawili matatu yamechanika yamewekwa chini ya kiti, na mabaharia hawavai kwa sababu hayatoshi, wanawaachia wageni. Niliponunua ya ziada nikawapa, siku ile ile waliyavaa, wala hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Ongeza plagi za injini, spana, tochi, makopo mawili ya kufulia maji, na filimbi kila jaketi.

Kama unaitaka Oktoba au Novemba, anza kuongea na nahodha tangu Agosti. Korosho zikianza kudondoka vijana wengi wanakwenda mashambani kwao na minada ikifunguliwa mabaharia wanakuwa adimu, bei inapanda, na unaobaki nao mara nyingine ni wale ambao hakuna aliyewataka. Kianzio kiwe kidogo, kiandikwe kwenye karatasi na tarehe, na mistari ya posho ya kutotoka iandikwe humo humo, mwenye boti na nahodha wote wawili waweke saini.